Kauli ya kutendwa ya Kiingereza: ninavyoifundisha darasa la jioni Mombasa

Mwanafunzi wa hapa Mombasa anapofika kiwango cha kati cha Kiingereza, hana haja ya kuelezwa kauli ya kutendwa ni kitu gani. Ameitumia tangu akiwa mdogo. Mlango umefungwa, samaki wameuzwa wote, nimeambiwa nirudi kesho: haya anayasema kutwa bila kufikiri. Anachokosa ni mambo mawili. La kwanza ni namna Kiingereza kinavyoiunda kauli hiyo. La pili ni pale lugha hizi mbili zinapoachana njia, Kiswahili kikikubali kutendwa na Kiingereza kikikataa. Muda wako wa darasani uweke kwenye hayo mawili, na zaidi kwenye la pili, kwa kuwa vitabu vingi tunavyovipata madukani vimeandikwa kwa wanafunzi wa dunia nzima na havimjui mtu anayefikiri kwa Kiswahili.

Darasa langu ni la watu wazima, baada ya magharibi, hapa Mji wa Kale. Wamo wahudumu wa hoteli za Nyali, vijana wa kliaringi bandarini (wanaoshughulikia kutoa mizigo forodhani), mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, na wasichana wanaongoja nafasi za chuo. Ninayoyaeleza nimeyapanga kwa watu kama hao. Ukiwa na wanafunzi wa sekondari utabadilisha mifano, lakini mpangilio waweza kubaki ule ule.

Zoezi la kugeuza liweke mwisho

Sote tuliosoma Kenya tunalijua zoezi la "Rewrite the following sentences as instructed". Unapewa "Juma kicked the ball", unaandika "The ball was kicked by Juma", unapata alama yako. Mtihani ukilidai, lifundishe, ila lisiwe mlango wa somo. Linamjengea mwanafunzi imani mbili zisizo za kweli: kwamba kutendwa ni kutenda kulikopinduliwa tu, na kwamba mtendaji lazima atajwe mwishoni kwa "by". Sikiliza Kiingereza kinavyosemwa na kuandikwa, utaona sentensi nyingi mno za kutendwa hazimtaji mtendaji kabisa. Na kama tunamzungumzia Juma, basi tuseme Juma aliupiga mpira. Hakuna sababu ya kupindua chochote.

Sababu ndiyo ya kuanza nayo: kwa nini mtu aseme hivi asiseme vile. Umbo linafuata.

Anzia kwenye simu zao

Huduma ya M-Pesa ipo Kenya tangu 2007, na karibu kila mtu darasani ana jumbe zake kwa Kiingereza. Waambie wafungue jumbe mbili, wa kutuma na wa kupokea, wafunike majina na salio kwa kidole, kisha wasome. Mmoja unasema "Ksh500.00 sent to", likafuata jina. Mwingine unasema "You have received Ksh500.00 from", likafuata jina. Ziandike zote mbili ubaoni, moja chini ya nyingine.

Uliza: hizi pesa za kwanza zilifanya kitu, au zilifanywa? Watakuwepo watakaosema "sent" ni wakati uliopita wa kutuma, kwa hiyo ni kutenda. Usiwakatalie. Waulize tu, pesa zilituma nini? Hapo wenyewe watasema, aa, mwalimu, zimetumwa. Ndipo unapojaza pengo kwa chaki ya rangi: "Ksh500.00 has been sent to". Halafu rudi kwenye ujumbe wa pili. Huko nako kuna "have", lakini aliyepokea ni wewe, na hiyo ni kauli ya kutenda. Wakishaona kwamba "has" na "have" si za kutendwa peke yake, na kwamba kazi hiyo inafanywa na "been" ikishirikiana na "sent", umefika mbali, na bado hujataja kanuni hata moja.

Vichwa vya habari vya magazeti hufanya vivyo hivyo. "Two arrested in Likoni" imeangushwa "were" ili nafasi itoshe, na mwanafunzi anayesoma haraka anaelewa kwamba kuna wawili waliokamata watu. Swali la kumwokoa ni lile lile: walimkamata nani?

Kazi ya nyumbani ya siku ya kwanza ni kuokota sentensi moja njiani na kuja nayo. Wataleta "Goods once sold cannot be returned" kutoka duka la leso la Biashara Street. Mhudumu wa hoteli ataleta "Breakfast is served from 6.30 to 10.00". Kijana wa kliaringi ataleta "The container has been released", sentensi anayoisubiri kuliko mshahara. Kwa kila moja uliza neno moja tu: nani? Nani alifanya, au nani anafanya? Majibu huja ya namna tatu. Mtendaji hajulikani. Au anajulikana na kila mtu, hivyo kumtaja ni kupoteza maneno. Anayeandaa kifungua kinywa cha hoteli ni wafanyakazi wa hoteli, nani mwingine? Au mwandishi hataki kumtaja.

Hilo la tatu usilipite mbio. Wanafunzi wetu wanatia saini mikataba ya nyumba na ya kazi iliyoandikwa kwa Kiingereza, na mikataba hiyo imejaa kutendwa. "The deposit will be refunded after inspection." Nani atakagua? Nani atarudisha? Lini? "Rent may be reviewed." Itaangaliwa upya na nani, kwa kushauriana na nani? Mimi huleta ukurasa mmoja wa mkataba wa kupanga nyumba, usio na jina la mtu, nikawaambia wapige mstari chini ya kila kitenzi cha kutendwa na waandike pembeni "nani?" kwa penseli. Kisha waandike sentensi za kumpelekea mwenye nyumba: "Who will inspect the house?", "When will the deposit be refunded?" Mwanafunzi akitoka darasani akiwa anaweza kuuliza hilo kabla ya kutia saini, somo limemfaa, hata kama siku hiyo alichanganya "was" na "were".

Neno moja la Kiswahili, maneno mawili ya Kiingereza

Sasa umbo. Andika ubaoni neno ilijengwa, ulikate vipande: i-li-jeng-w-a. Wakati umekaa kwenye -li-, kutendwa kumekaa kwenye -w-, yote ndani ya neno moja. Kiingereza hakiwezi kubeba vyote hivyo kwenye kitenzi kimoja, kwa hiyo hugawa kazi. "Was" hubeba wakati, "built" hubeba tendo, na kutendwa hakupatikani mpaka vyote viwili viwepo. Kisha badilisha kiambishi cha wakati, mwanafunzi aone kinachobadilika upande wa pili:

ilijengwa: was built
imejengwa: has been built
itajengwa: will be built
inajengwa: is being built
hujengwa: is built

"Built" haikutikisika. Mwache mwanafunzi aseme mwenyewe kwamba kinachocheza ni kile kipande cha mbele tu. Hizi tano zinatosha kabisa kwa kiwango cha kati, ukiongeza "must be", "can be" na "should be" kwa ajili ya matangazo na maagizo. Hayo mengine marefu yaache, watakutana nayo wakiendelea.

Mstari wa nne na wa tano ndio unaosumbua, maana -na- ya Kiswahili hufanya kazi mbili. Samaki wanauzwa Kongowea ni habari ya siku zote. Nyumba inapakwa rangi ni habari ya sasa hivi. Wape kipimo hiki: jaribu kuondoa -na- uweke hu-. Samaki huuzwa Kongowea, inakubali, na maana haijabadilika, basi sema "is sold". Nyumba hupakwa rangi, umeshatoka kwenye maana uliyoikusudia, basi sema "is being painted". Kipimo hiki hakimo katika kitabu cha Kiingereza, na kwa mzaliwa wa pwani ambaye hu- iko mdomoni mwake tangu utoto, kinafanya kazi papo hapo.

Makosa ya umbo yako mawili, na yote yanatokana na kuacha nusu. Wengine huacha kipande cha mbele: "The fort built in 1593". Wengine huacha umbo la tatu la kitenzi, yaani la mwisho katika "build, built, built": "The fort was build". Ukisahihisha, usiandike jibu. Andika duara tupu mahali penye pengo, mwanafunzi ajue nusu gani imekosekana. Umbo la tatu halina njia ya mkato, lazima likaririwe, lakini likaririwe kwa makundi ya sauti: "cut", "put", "hit", "shut" hazibadiliki, "sent", "spent", "lent", "built" huishia na t, "written", "driven", "stolen", "broken", "taken" huishia na n, "sold" na "told" ni pacha, na "paid" na "made" zinafanana masikioni ingawa si kwenye maandishi. Anza na yale wanayohitaji kazini, alfabeti haina maana hapa.

Ngome ya Yesu kama somo zima

Tuna bahati ya kuishi kwenye mji wenye Fort Jesus. Ngome hii inafundisha sababu kubwa ya kutumia kutendwa kuliko kitabu chochote nilichowahi kukifungua, na wengi wa wanafunzi wangu wanapita mbele yake kila siku wakienda kazini.

Tayarisha vipande vya karatasi vyenye tarehe na habari kwa Kiswahili, kimoja kimoja. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na ujenzi ukakamilika 1596. Ramani ilichorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ilizingirwa 1696, ikatekwa na Waomani 1698. Ilitumiwa na Waingereza kama gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Ilifunguliwa kama makumbusho 1962. Iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia 2011.

Gawa darasa makundi mawili. Kundi moja liandike habari hizo kwa Kiingereza cha kutenda tupu, mtendaji akianza kila sentensi: "The Portuguese built", "An Italian designed", "The Omanis captured", "The British used", na kadhalika. Kundi la pili liandike kwa kutendwa, ngome ikianza kila sentensi: "It was built", "It was designed", "It was captured", "It was used". Kisha kila kundi lisome kwa sauti, wengine wakifumba vitabu.

Uliza waliosikiliza: habari ya kwanza ilimhusu nani? Watakuambia Wareno, halafu Mwitaliano, halafu Waomani, halafu Waingereza. Macho ya akili yanarukaruka. Na habari ya pili? Ngome. Ngome inakaa pale pale, watu wanakuja na kuondoka. Hiyo ndiyo sababu ninayotaka waondoke nayo: unachokizungumzia kiweke mbele, na kikiwa kimetendwa, sarufi ikifuate. Mwongozaji wa watalii anaielewa hoja hii haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu mgeni amesimama mbele ya ukuta na anataka kusikia habari za ukuta.

Kisha rudini kwenye "by". Chukua kila sentensi, ifute "by" pamoja na kinachoifuata, muulizane kimebaki nini. "It was opened as a museum in 1962" imesimama imara. "It was designed" imebaki bila habari, maana kila jengo lilichorwa na mtu. Jina la Cairati ndilo lililokuwa habari yenyewe. "It was used as a prison from 1895 to 1958", hapa waache wabishane. Darasa langu hugawanyika, wengine wakisema mgeni kutoka ng'ambo lazima aambiwe gereza lilikuwa la nani. Wote wana hoja, na ubishi huo ndio ustadi wenyewe.

Wakimaliza mapema, wape reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza hapa Mombasa 1896, na reli ikafika Kisumu 1901. Wapo watakaoandika "The railway was reached Kisumu", kwa kuwa kutwa nzima walikuwa wakiandika "was". Vizuri. Reli ilifika, haikufikishwa. Kosa hilo limekuja kwa wakati wake, kwa sababu somo linalofuata ni la mipaka.

Jiko la mahamri

Maelezo ya namna kitu kinavyotengenezwa ndiyo mahali pa "is" na "are". Vitabu huleta chai, karatasi, au kioo. Mimi humkabidhi chaki mama wa mahamri akawa yeye ndiye mwalimu, nasi tunaandika. Anasema kwa Kiswahili hatua moja, darasa linaitoa kwa Kiingereza.

Nazi hukunwa: "The coconut is grated." Tui hukamuliwa: "The milk is squeezed out." Unga huchanganywa na sukari, hamira na iliki: "The flour is mixed with sugar, yeast and cardamom." Tui la uvuguvugu humiminwa: "Warm coconut milk is added." Unga hukandwa mpaka ulainike: "The dough is kneaded until it is soft." Hufunikwa ukaachwa uumuke. Huko mbele husukumwa, hukatwa pande nne, hukaangwa, huliwa na mbaazi: "It is rolled out, cut into four, fried and eaten with pigeon peas." Onyesha hapo kwamba "is" moja imetosha vitenzi vinne, mwanafunzi anayeirudia kila mara hajakosea, ila anachosha msomaji.

Mambo mawili hujitokeza yenyewe katika somo hili, uwe tayari nayo. Moja ni "by" na "with". Mtu atasema "The coconut is grated by a mbuzi". Kiswahili chake kinajua tofauti: hukunwa na mpishi, hukunwa kwa mbuzi. Basi na iende kwa "by", kwa iende kwa "with". Ukisema "by a mbuzi" umemfanya mbuzi kuwa mpishi. Kipimo hiki kinafaa kwa kisu, nyundo, ufunguo, kalamu, vyombo vyote vya mkononi. Hakifai kwa malighafi: meza ya mbao ni "made of wood".

La pili ni uumuke. Darasa zima litasema "The dough is left to be risen", au "The dough is risen". Hapa simamisha somo.

Pale lugha zinapoachana

Kuumuka kunaishia na -ka. Andika chini yake kuvunjika, kufunguka, kukatika, na pia kutokea na kupotea, ingawa haya mawili hayaishii na -ka. Katika Kiswahili hivi havina -w-. Kitu kimefikwa na hali, na hatumtafuti mtu. Kiingereza mara nyingi hutumia kutenda hapo hapo: "The dough rises", "The glass broke", "The door opened", "The rope snapped". Glasi imevunjwa ndiyo inayotafuta mtu: "The glass was broken by someone." Vivyo hivyo "The accident happened", si "was happened", na "He disappeared", si "was disappeared". Kwa hiyo mwanafunzi akiwa na shaka, aisikilize kwanza sentensi yake ya Kiswahili. Kama haina -w-, asikimbilie "was". Kipimo hiki kinashindwa kwenye hisia: nimechoka ni "I am tired", nilishangaa ni "I was surprised". Hizo wafundishe kama sifa, pamoja na "happy" na "hungry", zisiingie kwenye somo hili.

Mtego mkubwa ni wa kutendewa. Mwanafunzi anaingia amechelewa, uso umesawijika, anasema "Teacher, I was stolen my phone in the matatu." Sentensi hii utaisikia kwa kila kundi la wanafunzi, na si uzembe. Ni nimeibiwa simu, neno kwa neno. Kiswahili kinamruhusu aliyepatwa na jambo kukaa mwanzoni, na kitu kilichoibwa kikabaki nyuma. Kiingereza hakiruhusu hivyo kwa "steal". Kinachoibwa ni simu. "My phone was stolen." Ukitaka kuanza na mtu, badilisha kitenzi: "I was robbed."

Usimwambie tu kwamba amekosea, kwa sababu kesho atasema "I was given a form" na hiyo ni sahihi. Nilipewa fomu na "I was given a form" zimelingana kabisa, na pia nilionyeshwa chumba, nililipwa pesa, nilifundishwa Kiingereza, niliambiwa nisubiri: "I was shown a room", "I was paid", "I was taught English", "I was told to wait". Kwa hiyo gawa ubao pande mbili. Upande mmoja weka zinazokubali mtu akae mwanzoni: "give", "show", "send", "pay", "teach", "tell", "offer", "promise". Upande wa pili weka zinazokataa: "steal", "explain", "say", "suggest". Nilielezwa sheria inakuwa "The rules were explained to me", wala si "I was explained the rules". Ubao huo uache hivyo muda wote wa somo, na wanafunzi waunakili kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, mahali pa kupafungua haraka.

Kufiwa kuna uzito wake. Mtu akikuambia "I was died by my father", kwanza mpe pole kwa Kiswahili, kama unavyompa pole mtu yeyote. Sarufi itangoja. Baadaye, siku nyingine, wape wote "My father has died" na "I have lost my father", bila kumtaja aliyesema.

Kuolewa nako kunahitaji dakika chache. Ameolewa na fulani hutoka kama "She was married by", na Mwingereza atadhani huyo fulani ndiye kadhi au padri aliyefungisha ndoa. Mume hufuata "to": "She is married to a teacher." Kuchelewa na kulewa zina -w- lakini ni "I am late" na "He is drunk". Na katika yote haya kuna zawadi moja: nilinyeshewa na mvua ni "I was rained on", Kiingereza safi. Wape hiyo mwishoni, maana baada ya mitego mingi hivyo wanahitaji kuona kwamba Kiswahili chao pia kinawafikisha.

Mdomo

Kutendwa kunapotea mdomoni hata kwa anayeandika vizuri. Maneno yetu huishia na vokali, kwa hiyo "washed" inakuwa "washedi", au mkia unaanguka na kubaki "wash". Fundisha sauti tatu za mkia: t kwenye "washed", "mixed" na "cooked", d kwenye "fried", "cleaned" na "served", na silabi nzima kwenye "grated", "needed" na "invited", baada ya t au d tu. Kisha usimwache mwanafunzi akihangaika na neno pekee. Weka neno linaloanza na vokali baada yake: "washed in", "served at", "used as", "cleaned every day". Mkia unahamia kwenye neno linalofuata, na ulimi wa Mswahili unapata vokali unayoitaka. Wahudumu wa hoteli waizoeze "Your room is being cleaned at the moment" mpaka iteleze, maana wataisema mlangoni mara nyingi kwa siku, mgeni akiwa amesimama na begi.

Kusahihisha na kwenda mbele

Mwishoni mwa wiki waandike aya mbili. Moja ni ya kueleza namna kitu wanachokijua kinavyofanyika: kuklia kontena, kutandika chumba, kusuka mkeka, kuandaa mzigo wa leso. Nyingine ni ya kusimulia kilichowapata wao wenyewe. Hii ya pili inafaa iwe na kutenda kwingi, na hilo ndilo unalolipima. Mwanafunzi akiandika "The bus was taken by me", amejifunza umbo akaisahau sababu. Mrudishe kwenye swali la unamzungumzia nani. Ukisahihisha, tanguliza pengo la "be" na umbo la tatu, kisha mtego wa "steal" na wenzake. "By" isiyohitajika iwekee alama ndogo ya kuuliza tu. Makosa mengine ya aya hiyo yaache kwa leo.

Wachache watakuwa wameshika haraka kuliko wenzao. Hao wape kanzu na gauni. Nimeshonewa gauni: mimi sikushona, fundi ndiye aliyeshona, na mimi ndiye niliyefanyiwa. Kiingereza kinasema "I had a dress made". Nimenyolewa nywele, "I had my hair cut". Nimetengenezewa simu, "I had my phone repaired". Hapa ndipo Kiingereza kinapopata mahali pa -ewa na -iwa zetu, mtu akakaa mwanzoni kama anavyokaa kwa Kiswahili. Na yule wa matatu anaweza sasa kusema "I had my phone stolen", akaanza na yeye mwenyewe, kama alivyotaka tangu mwanzo.